Saa Iliyopiga Mbizi Ukutani

Saa ya mbizi ilikuwa imetundikwa msumarini tangu asubuhi, haijaguswa na mtu, na bado kioo chake kilikuwa kimelowa. Runji aliipangusa kwa shati, akabonyeza kitufe, akasoma. Ati imezama mita thelathini na moja. Ati saa saba mchana, wakati yeye alikuwa amejilaza baada ya chakula! Tena ilikuwa imejifunga: mwenye kuivaa asirudi majini mpaka kesho.

"Takataka!" alifoka, mkewe Wambeti akatoka jikoni mbio. "Mama Lorna, ya pili hii! Ya pili!"

Na kwa kweli nani asingeudhika? Runji ndiye aliyekuwa mpiga mbizi wa pekee pale Kiambere. Siku nyingine alishuka na mtungi wa hewa mgongoni, kusafisha vyuma vinavyozuia magogo yasiingie kwenye mitambo ya bwawa. Siku nyingine alizama kwa pumzi yake tupu, kunasua nyavu za wavuvi. Mwaka wa tisini na sita alichanganya kazi hizo mbili siku moja, damu ikaingiwa na mapovu, na goti la kushoto halikuwa goti tena. Daktari alimwambia akirudia atabebwa maisha yake yote. Sasa, miaka miwili baadaye, mkandarasi mpya alikuwa ameweka sharti: bila kompyuta ya mbizi, yaani saa kama hiyo, mkononi, hakuna kazi, na ikiwa imejifunga, mtu hashuki. Asipokuwa tayari Jumatatu, analetwa mwingine kutoka Mombasa.

Lakini kuchagua kompyuta yenyewe, jamani, ni balaa. Kuna za mtungi tu. Ukizama kwa pumzi dakika moja, kabla haijaamka wewe umesharudi juu. Kuna za kubonyezwa kitufe kila mara, na ukisahau inakuhesabia uongo. Ile inayojua mambo yote mawili na kujigeuza yenyewe ndiyo Runji aliyoitaka. Khalif, mfanyabiashara wa Meru mjini, alikuwa amempa ajaribu. Ya kwanza ilijifunga ukutani, akabadilishiwa. Na ya pili ndiyo hiyo.

Akasafiri nusu siku tena hadi Meru, goti likimuuma, hasira imempanda kichwani. Khalif aliitumbukiza saa kwenye ndoo, akaitoa, akaisoma polepole.

"Hii ni nzima, bwana. Inasema mtu alizama bila mtungi. Pumzi moja. Dakika arobaini na nane."

"Nani anakaa dakika arobaini na nane bila kupumua? Wewe?"

Khalif hakucheka. Alisogeza kiti karibu, akapunguza sauti. "Ndugu yangu, saa saba mchana si saa ya kulala karibu na maji. Maji yana wenyewe. Nenda Maua kwa shangazi yangu Dhahabo, akusomee."

"Nilikuja kununua saa, sikuja kusomewa! Mimi ni mzee wa kanisa!"

"Basi irudishe nyumbani uitazame ikifanya kazi. Usinitukanie mali bure."

Kesho yake aliyeitazama alikuwa Wambeti, kwa sababu Runji alikula, akanung'unika, akalala. Jua lilikuwa kali, hata mbuzi wamejibana chini ya ghala. Saa saba ilipofika, harufu ya tope la bwawani iliingia chumbani. Saa ikalia, tii. Wambeti akainua macho akaona namba zinakimbia, mita tano, mita tisa, mita kumi na nne, na matone yanachuruzika ukutani kutoka kwenye ule msumari, na alipomgeukia mumewe amwamshe alikuta kifua chake hakipandi wala hakishuki, akamwekea kiganja puani, hakuna kitu, akamtikisa, akamwita, na kule ukutani namba zikafika thelathini na moja zikatulia, na yeye akabaki amemkumbatia mume aliyepoa mwili mzima, asijue kama ni maiti au nini, mpaka baada ya muda mrefu sana namba zikaanza kurudi nyuma, moja moja, na zilipofika sifuri Runji akavuta pumzi na kufumbua macho.

"Kwani unalia nini?"

"Hukuwa unapumua," Wambeti alinong'ona, kana kwamba kuna mtu wa tatu mle ndani. "Baba Lorna, kuna kitu kinachukua pumzi yako kinaenda nayo huko chini. Twende Maua. Nakuomba."

Runji alitazama ukutani. Saa ilikuwa imejifunga. Aliogopa, tusidanganyane, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu.

"Hii saa itaninyima kazi," akasema.

Jumamosi akairudisha. Akaomba ile ya mtungi tu, isiyojua habari za pumzi.

"Hiyo itanyamaza, bwana," Khalif alimwambia. "Haitakuponya."

"Inyamaze! Ndiyo nataka!"

Na ilinyamaza kweli. Jumapili nzima haikulia. Jumatatu msimamizi wa mkandarasi, Njiru, aliikagua mkononi mwake akatikisa kichwa kukubali. Runji akashuka na mtungi, akasafisha vyuma vyote, akapanda taratibu kama inavyotakiwa. Goti halikumuuma hata kidogo. Alikaa ukingoni, akashusha mtungi, akageuza mita ya hewa aone imebaki kiasi gani.

Ilikuwa imejaa. Akaigonga kwa kidole. Sindano haikusogea.

"Hata wewe!" aliwaza kwa uchungu. "Hata wewe umeharibika!"

Njiru alikuja akachuchumaa mbele yake. Uso ulikuwa umembadilika.

"Runji, leo umetutisha. Karibu saa nzima tunaangalia maji. Hatukuona povu hata moja."

Runji alitazama kompyuta. Iliandika kwamba kila kitu ni sawa, anaweza kushuka tena. Akafungua mdomo amjibu Njiru, na ndipo alipogundua kwamba tangu atoke majini bado hajavuta pumzi.