Waliita Jina Langu, Akasimama Yunis

Waliita jina langu, akasimama mtu mwingine.

Jamani, acheni niliseme hili likiwa bado la moto, maana nikilinyamazia litanipasua kifua.

Jumamosi iliyopita, ukumbini Mwisenge, hapa Musoma. Mimi nipo na wapishi, nimeshika sinia la sambusa. Mgeni wa Kijerumani anasoma karatasi, mkalimani anatafsiri: sasa tumkaribishe mtoto wa kwanza kabisa kusomeshwa na chama chetu, mwalimu Selestina Masatu.

Selestina Masatu ni mimi!

Na aliyekuwa anapigiwa makofi ni Yunis, binti wa marehemu mjomba wangu, tuliyelala naye kitanda kimoja kwetu Kibara.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Mama yangu mdogo aliitwa Selestina, na mimi ndiye niliyepewa jina lake. Alikuwa nesi Ujerumani, akafia hukohuko nikiwa darasa la nne. Manesi wenzake walimpenda sana. Wakaanzisha chama cha kusomesha watoto wa kwao kwa kumbukumbu yake, na wakataka waanze na mtoto mwenye jina la rafiki yao.

Siku walipokuja Kibara, mimi nilikuwa nimetumwa Butiama kwa bibi. Niliporudi, Yunis keshapelekwa bweni Musoma. Mama akaniambia wageni wamechagua yatima. Nikaamini... ningejuaje kama amewaambia Yunis ndiye Selestina?

Mimi nikaenda shule ya kata, kwa mguu, nikaishia kidato cha pili. Leo ndiyo hivyo, napika kwenye sherehe za watu.

Nilimvizia Yunis nyuma ya ukumbi.

"Umeniibia jina," nikamwambia.

Hakushtuka hata kidogo. Alinitazama kama mtu aliyekuwa anaisubiri siku hiyo.

"Sikuiba, dada. Nilipewa. Kamuulize shangazi."

Shangazi yake ndiye mama yangu. Hata aproni sikuivua. Nikapanda gari la Bunda, nikaunganisha la Kibara.

Nilimkuta mama uani anaanua dagaa. Salamu sikumpa. Nikamuuliza kwa nini alimpa Yunis maisha yangu.

Akakaa chini. Akaniambia kulikuwa na barua, akaisoma katekista Baltazari, ambaye kijiji kizima kilimtegemea kwa Kiingereza. Barua ilisema chama kitamchukua Selestina awe mtoto wao.

"Walimaanisha watamlipia shule, mama."

"Sisi tungejuaje? Mdogo wangu walimchukuaga hivyohivyo, wakanirudishia sanduku. Na wewe tena nikutoe?"

Ndugu zangu, nusu ya hasira yangu iliisha palepale. Kumbe nilipendwa. Kumbe alinificha Butiama ili nisiende kufa ugenini. Nikataka hata kumkumbatia... halafu akili ikafika ilipotakiwa kufika.

"Kwa hiyo ukamtoa Yunis."

Mama akazirudisha dagaa za mkononi kwenye lundo.

"Yunis hakuwa na mama wa kumlilia."

Alidhani tuko wawili. Yunis alikuwa amesimama nyuma yake, kwenye kona ya jiko. Alinifuata kwa gari lililofuata, na mkononi alikuwa na mkoba wangu niliousahau ukumbini.

Hakulia. Alituambia kwamba alijua tangu siku ile ya wageni, maana aliwasikia shangazi na katekista wakipanga. Mwaka wake wote wa kwanza Musoma, kila gari lililoingia getini alijua limekuja kumchukua kumpeleka Ujerumani. Likizo ikifika alirudi Kibara, akala nasi, akacheka nasi, na hakumwambia mtu yeyote. Angemwambia nani? Nyumba pekee aliyokuwa nayo ndiyo hiyohiyo iliyomtoa.

Mimi nilikuja kudai jina. Nilibaki nimesimama na aproni yangu, sina cha kudai.

Yunis aliweka mkoba chini, akachutama pembeni ya mama, akaanza kuanua dagaa pamoja naye kama alivyokuwaga akifanya zamani.

"Shikamoo, shangazi," akasema.

Mama alifungua mdomo, ile "marahaba" ikagoma kutoka. Mpaka tunaondoka jioni ile ilikuwa haijatoka.

Nyie mnaolea watoto wa marehemu ndugu zenu, nawaomba kitu kimoja tu. Kabla hujawaambia watu kuwa unamlea, jiulize siku hatari ikibisha hodi utamsukuma nani mlangoni. Mama yangu alimsukuma Yunis, na Yunis ndiye aliyemwamkia.