Pacha wa Bi Semeni

"Hakuna maumivu yanayoweza kujificha mbele ya Pacha wa Nuru. Hakuna! Hata yawe madogo kuliko chawa wa kuku, Pacha atayaanika."

Ndivyo ninavyowapokea wageni kila Jumamosi, wakiwa wamejipanga nyuma ya kioo katika Jumba la Nuru hapa Dodoma, shingo zimewarefuka kama twiga.

Jumamosi iliyopita walikuja wauguzi wanafunzi. Ndani ya ukumbi mzee mmoja alikuwa amekaa kitini, na mbele yake, hewani, akasimama mzee mwingine: yeye yule, ila hana nyama wala nguo. Alikuwa mishipa ya fahamu mitupu, yote ya nuru, kuanzia shina nene la uti wa mgongo hadi nyuzi za vidoleni, laini kuliko nywele za kichanga. Mzee akivuta pumzi, Pacha naye anavuta. Mara bega la kushoto la Pacha likawaka kama kaa la moto.

"Hapo hapo," mzee akasema.

Wauguzi wakasogea hadi pua zikagusa kioo. Hata mimi, ninayemwona Pacha kila siku, pale huwa naishiwa utani.

"Hajawahi kukosea?" akauliza muuguzi mmoja wa mbele, mwenye miwani.

"Hajawahi," nikasema. "Labda kwa Bi Semeni tu."

Wote wakanigeukia. Basi nikawasimulia.

Bi Semeni alikuwa mshonaji wa suti za anga. Mishono yake imekwisha kutembea mwezini, lakini mwenyewe alikuwa hawezi kuvumilia kanga begani. Kitambaa kikimgusa tu, ngozi inachonyota kama kidonda kilichokamuliwa ndimu. Shuka lilimuunguza. Nyayo zilimfukuta kama amesimama juu ya bati la mchana. Ukimtazama sasa: hana jeraha, hana homa, mashavu yamejaa. Kila aliyemwendea akampa jina la ugonjwa. Mmoja alisema mawazo, wa pili umri, wa tatu upepo. Wifi zake wakaongeza la nne: uvivu.

Akapata nafasi kwa Pacha. Akatoka kijani mwili mzima, kijani kama mchicha, maana yake hana kitu. Akarudi. Kijani tena. Na sheria ya Jumba ilikuwa moja: ukitoka kijani mara ya tatu jina lako linafutwa, upishe wagonjwa wa kweli. Hakukuwa na mashine nyingine ya kukimbilia nchi nzima.

"Hapa pana sayansi kidogo, msisinzie," nikawaambia. Mishipa ya fahamu haikai kimya hata dakika. Kiatu kinabana, nywele zimesukwa zikavutwa, uji wa asubuhi unateremka, yote hayo inayapigia kelele. Pacha akiyaonyesha yote, mtu atameremeta kama ukumbi wa harusi na daktari asione kitu. Ndiyo maana wahandisi walitengeneza kizimakelele. Chombo hiki kinamsikiliza mgonjwa tangu neno lake la kwanza, halafu kinazima kila ambacho mwenyewe amesema hakimsumbui. Kinaelewa miguno, kinaelewa hata mtu anayelia huku anaongea.

Na mlangoni mashine husema nini? Inasema kwa sauti ya upole, "Hujambo?" Wazee waliwahi kulalamika kwamba haiwaamkii shikamoo, wakajibiwa haina umri.

Sasa Bi Semeni, mtoto wa watu, aliyelelewa akaleleka, angejibu nini? Kwetu hapa hata aliyevunjika mguu huanza na "sijambo", ndipo aombe machela.

"Sijambo," akasema, akaishia hapo; hakuongeza "ila bega" kama wafanyavyo wengine. Kizimakelele kikatii. Hana jambo? Haya. Kikazima mwili mzima. Anaitwa Semeni, na neno alilosema ndilo lililomziba mdomo.

Wauguzi wakacheka. Mwenye miwani hakucheka.

Mara ya tatu, nikaendelea, zamu ilikuwa ya fundi mmoja kijana, mtanashati, mwenye huruma na akili nyepesi. Alipomwona mama yule anatembea huku ameishika nguo isimguse, roho ikamwuma. Akamnong'oneza: "Mama, leo weka adabu pembeni. Ukiulizwa, jibu lililo moyoni."

"Hujambo?" ikauliza mashine.

"Nina jambo," akasema Bi Semeni.

Nani hujibu hivyo? Kizimakelele kikasita. Halafu kikaachia.

Pacha kama aliyesimama siku ile hajapata kuonekana tena. Moto ulianzia nyayoni ukapanda, ukaingia katika nyuzi ambazo hata ramani za wataalamu hazikuwa nazo, zile ndogo kabisa zinazoishia chini ya ngozi, maelfu kwa maelfu, zote zinawaka pasipo kuguswa, kama nyika inayoungua kiangazi ukiitazama kutoka kilimani. Ukumbi ukawa mwekundu. Madaktari wakatoka vyumbani mwao wakasimama kama watu waliosikia adhana. Mtu mmoja alikuwa amebeba yote yale, akapanda nayo ngazi, akapika, akashona, akaitikia salamu.

Bi Semeni akamtazama pacha wake kwa muda mrefu. "Kumbe ndivyo ulivyo," akamwambia.

Daktari akamweleza kwamba ncha za nyuzi zile zimechakaa kama waya uliochubuka, zinapiga kengele bila mgeni. Hazitapona zote, ila zitatulizwa, na ugonjwa wenyewe una jina.

"Niandikie hilo jina kwa herufi kubwa," akasema. "Nina wifi zangu."

Nilitaka nimalizie hapo, kicheko kikiwa bado kinawatoka. Mwenye miwani akaniwahi: "Na waliojibu 'sijambo' kabla yake?"

"Tuliwaita upya."

"Wakaja?"

"Wachache. Mtu ukishamwambia hana kitu, ukimwita tena haji." Nikaona nyuso zinabadilika, nikaharakisha. "Ila tumshukuru yule fundi."

"Fundi gani huyo?"

Sauti ilitoka nyuma yao. Alikuwa Bi Semeni mwenyewe, amekuja kwenye tiba yake, amevaa gauni alilolishona mishono ikiwa nje.

"Shikamoo, Bi Semeni," nikasema.

"Marahaba. Huyo mwenye huruma mlikuwa naye zamu? Maana mimi nilimkuta mtu mmoja tu, na ni wewe."

"Alikunong'oneza nini, mama?" akauliza mwenye miwani.

"Aliniambia, 'Mama, umerudi tena? Safari hii Pacha atakuposa.' Akacheka peke yake. Nilijibu vile kwa hasira, binti yangu. Sikufundishwa na mtu."

"Mama naye," nikajaribu, "si unajua utani wangu..."

"Sikugombezi, baba. Waambie tu kidole chako kilikuwa wapi nilipofungua mdomo."

Wauguzi wote wakautazama mkono wangu.

"Karibu na kitufe cha kufuta jina," nikasema.

"Ulikuwa umeshakibonyeza," akasema Bi Semeni. "Jina langu alilirudisha daktari."