Jumamosi Aliyoichagua Fundi Lifti

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: mji unaoishi umewahi kuutembelea, au unaupita tu, kama mtu anayekatiza sebuleni kwake akitafuta funguo? Maana wapo wanaoota mvi mjini na mji wenyewe hawaujui. Huyu dada ninayetaka kukusimulia alikuwa mmoja wao, na tusimlaumu, kazi yake ilikuwa ya gizani.

Alikuwa fundi wa lifti. Wewe ukiingia kwenye lifti unaona kioo na taa. Yeye aliona yaliyo nyuma ya kioo: shimo refu jeusi kutoka chini hadi paani, na nyaya nene zenye grisi zikipanda na kushuka. Humo ndimo zilimoishia siku zake, ovaroli ya bluu mwilini, kitambaa kichwani, tochi kiunoni. Lakini ukimpa mkono unashangaa, kiganja laini, kisafi, kwa kuwa kila jioni alivisugua viganja vyake kwa sukari na mafuta ya kula mpaka grisi yote itoke.

Alikuwa kifungua mimba. Baba yao alipofariki, wadogo zake walikula, wakavaa na kusoma kwa mikono hiyo hiyo. Na mtoto wa kwanza wa namna hiyo huzoea mapema kutoulizwa anataka nini. Ukimwuliza chai au kahawa, anakujibu chochote. Ukimwuliza akae wapi, anasema popote tu.

Siku aliyokutana na mwanamume wake ilikuwa katika jengo la maduka, watu wamejaa pomoni, huyu anavuta toroli, yule anavuta mtoto. Lifti ilikuwa inasumbua, naye akatundika kibao chake chekundu mlangoni, LIFTI HAITUMIKI, FUNDI YUKO KAZINI, kisha akapanda kuangalia mashine. Huku chini akaja mtu na mabomba ya pazia begani na furushi la kitambaa kifuani. Akabonyeza, mlango ukafunguka, akaingia. Lifti ikapanda kidogo, ikakohoa, ikakwama katikati ya ghorofa mbili.

Fundi alipoufungua mlango kwa ufunguo wake, aliona kwanza viatu vilivyong'arishwa, kisha suruali ya kijivu iliyonyooshwa vizuri, kisha mwenyewe, ameketi juu ya furushi, tepu ya kupimia shingoni, anakula karanga.

"Hukukiona kibao?"

"Nilikiona, dada. Nikadhani kimesahauliwa."

"Mimi kibao changu sikisahau. Ukikiona kimetundikwa, jua nimesema usipite. Hata uwe nani."

"Hata nikiwa mshona mapazia?"

"Hasa mshona mapazia. Haya, shuka taratibu. Na hayo mabomba usinitoboe macho."

Akashuka, akaushika ule mkono laini, akachelewa kuuachia. "Nimekoma, Fundi. Kuanzia leo kibao chako sikivuki. Karibu karanga."

Ndani ya kila lifti huwa kuna namba ya kupiga ukikwama. Yule bwana alikuwa ameinakili wakati akitafuna karanga zake. Kesho yake jioni simu ikalia.

"Fundi, nimekwama."

"Tulia, usiguse mlango. Uko jengo gani?"

"Niko nyumbani. Nimekwama kukufikiria."

Akasikika anajizuia kucheka. "Kaka, hii ni namba ya dharura."

"Na mimi ndiyo hali yangu, mama. Jumamosi unafanya nini?"

Jumamosi alikuwa anafua. Lakini Jumamosi ile nguo zilibaki kwenye beseni.

Sasa yule mshona mapazia, ambaye Fundi alimpa jina la Pazia, alikuwa na mtindo wake wa kuutembea mji. Alikwenda kituo kikuu cha mabasi, akachagua basi la njia asiyoijua, akapanda hadi mwisho wa njia, akashuka, akarudi kwa miguu. Basi. Hakuna zaidi. "Mimi mji huu naujua kwa madirisha," alimwambia. "Naitwa nipime, nachungulia nje, naona kamtaa kazuri, nasema huku lazima nirudi. Wewe je?"

"Mimi naujua kwa mashimo."

"Basi tuunganishe dirisha na shimo, tuone tutapata nini."

Walipata mambo. Walipita mtaa wa mafundi saa, ambako saa za ukutani zote zililia kwa kupokezana na hakuna iliyokubaliana na mwenzake. Walikuta soko la maua ambapo njia nzima ilikuwa imelowa na kunukia, na wanawake wakikata mabua kwa mikasi huku wakitaniana bila kuangalia mikono. Waliona kiwanda cha zamani cha sabuni kilichogeuzwa maktaba, na bado ukifungua kitabu kilinukia sabuni. Walisimama juu ya daraja la waenda kwa miguu, garimoshi likapita chini yao, daraja likatetemeka hadi kwenye meno, naye akamshika Pazia mkono wa shati bila kujua. Aliona aibu, akataka kuuachia.

"Uache hapo hapo," Pazia akasema. "Garimoshi jingine linakuja."

Halikuja. Mkono ulibaki.

Kila Jumamosi Fundi alizidi kuushangaa mji, kama mtu aliyeishi na dada yake miaka yote akaja kugundua kumbe anaimba vizuri. Ila kila Jumamosi, kituoni, Pazia alimwuliza, "Leo twende wapi, kipenzi?" Naye akajibu, "Popote tu." Mwanzoni Pazia alicheka. Baadaye akawa anatabasamu. Baadaye akawa anaangalia pembeni.

Halafu shangazi yake Pazia, mwenye duka la mapazia, akaamua kufungua duka jingine mji wa mbali, na akamtaka mpwa wake akalisimamie. Pazia alimweleza Fundi wakiwa kwenye benchi la bustani, wanamenya machungwa.

"Shangazi anataka jibu. Niende?"

Moyoni Fundi alisikia neno likipanda kama lifti, usiende, usiende. Likafika kooni. Mlango haukufunguka. "Wewe mwenyewe unaonaje?" akasema.

Pazia aliliweka ganda la chungwa chini polepole. "Mimi nakuuliza wewe, mama. Sijawahi kukusikia ukitaka kitu. Siku nyingine najiuliza kama uko na mimi kwa kupenda, au hujajua tu namna ya kukataa."

Usiku ule usingizi haukumjia Fundi. Asubuhi akampigia simu.

"Jumamosi hii nachagua mimi."

"Nani anaongea?"

"Acha utani. Lile jengo refu kuliko yote, njoo asubuhi. Panda mpaka juu kabisa, nitakuwa paani. Nina neno."

"Nitakuja hata kwa kutambaa."

Ijumaa Fundi alikuwa na kazi katika jengo hilo hilo. Alitundika kibao chake mlangoni, ukumbi wa chini, akafanya kazi kutwa, lifti ikapona. Jioni, kichwa chote kikiwa kwenye gauni atakalovaa, alikusanya vyombo vyake, akatokea mlango wa nyuma wanakotokea mafundi, ghorofa ya chini ya ardhi, akaenda zake akiimba kimoyomoyo. Na kibao? Kibao kilibaki palepale mlangoni. Yeye, ambaye kibao chake hakisahau.

Jumamosi akavaa gauni la manjano lenye vifungo vya mbao, akapaka wanja, akaingia kwa mlango ule ule wa nyuma, akapanda lifti kutoka chini ya ardhi moja kwa moja hadi juu. Simu akaizima, asije akaitwa kwenda kukwamua watu. Leo ilikuwa yake.

Pazia alifika kwa mlango wa mbele, shati jeupe, mfuko wa karanga mkononi. Akakiona kibao. Akasimama. Akamwuliza askari wa mlangoni.

"Juu hakuna mtu, bwana," askari akasema, naye ndiyo kwanza alikuwa ameingia zamu. "Lifti mbovu tangu jana. Si unaona wameandika?"

Alipiga simu, haipatikani. Akasubiri ukumbini, akisimama kila mlango wa mbele ulipofunguka, mpaka jua likawa la utosi. Huku paani gauni la manjano likipepea peke yake, na chini yake mji wote umelala wazi, mzuri kupita kiasi, na mwenye kuuona hana wa kumwonyesha.

Mchana alipowasha simu, alikuta ujumbe: *Ungeniambia tu kwamba hutaki.*

Akapiga. "Mimi ndiye sitaki? Nimekusubiri wewe mpaka miguu imekufa ganzi."

"Usinifanye mtoto. Nilikuwepo pale."

"Pale wapi? Mimi ndiye nilikuwepo."

"Sawa, dada," Pazia akasema, na lile *dada* liliuma kuliko tusi. "Shangazi nimeshamjibu. Jumapili ijayo naondoka." Akakata.

Dunia ilirudi kuwa shimo. Fundi akala kwa kulazimishwa. Mama yake alimtazama akizungusha kijiko kwenye chai ambayo hakuitia sukari. "Mama'ngu, umegombana na yule wa mapazia?"

"Kaniacha, mama. Sikumwambia kitu kwa wakati."

"Wewe na kutosema," mama akajibu, akimsogezea sukari. "Hata kuzaliwa ulizaliwa kimya, mkunga akadhani umekufa."

Jumatatu ofisi ikamwita. Bosi wake alikuwa amekasirika: "Wapangaji wa lile jengo refu wanapanda ngazi tangu Ijumaa. Kibao chako bado kiko mlangoni. Umepatwa na nini?"

Alikwenda mbio. Na kweli, kilikuwa pale, chekundu, kimenyooka, kama mtu mwenye haki. Askari akamwona anavyokitazama.

"Afadhali umekuja, dada. Wametukana mpaka basi. Na Jumamosi kuna mmoja alisimama hapo asubuhi yote, shati jeupe, ana karanga. Nikamwambia, bwana, panda ngazi ukajionee. Akasema hapana, aliyeweka kibao hiki kasema nisipite, na yeye hasahau."

Fundi alikaa chini, pale pale sakafuni, na ovaroli yake, akacheka huku machozi yanamtoka, na watu wakamzunguka kama wanavyozunguka shimo barabarani.

Pazia hakupokea simu. Fundi akapiga ya dukani.

"Duka la mapazia, karibu," ilikuwa sauti ya shangazi.

"Shikamoo, shangazi. Nina dirisha nataka lipimwe."

"Marahaba. Dirisha la chumba au sebule?"

"La chumba cha mashine. Paani, lile jengo refu. Jumamosi."

"Mwanangu, mashine inataka pazia la nini?"

"Ina aibu, shangazi."

"Aha. Ndiye wewe." Akasikika akivuta kiti. "Sikiliza. Mpimaji wangu anasafiri Jumapili, na wiki nzima hii ananikatia mapazia mafupi, anaharibu vitambaa vya watu. Nitamtuma. Lakini ukimleta hapo ukaanza kumwambia *popote, chochote*, mimi nampakia kwenye basi mwenyewe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

Jumamosi Pazia alifika na tepu yake shingoni, uso mzito. Mlangoni mwa lifti hapakuwa na kitu. Akapanda. Paani upepo ulikuwa wa asubuhi, na pale karibu na kidirisha kidogo kisichotosha hata kitambaa cha mezani, alisimama mwanamke wa gauni la manjano, kibao chekundu amekikumbatia kifuani.

"Hiki," Fundi akasema, "nilikisahau. Nilipita mlango wa nyuma, sikukiona. Jumamosi ile nilikuwa hapa juu asubuhi nzima."

Pazia alikitazama kibao. Akamtazama yeye. "Wewe ulisahau kibao?"

"Nilisahau."

"Wewe?"

"Nilikuwa nafikiria gauni."

Midomo ilianza kumcheza Pazia, akaiuma. "Nilikuwa hapo chini, Fundi. Nilibakiza kidogo tu nikivuke."

"Ungekivuka."

"Nilikuahidi."

Wakasimama bega kwa bega kwenye ukuta wa ukingoni mwa paa. Mji ulikuwa chini yao, mabati yakimetameta, njia za mabasi zikijipinda kila moja hadi mwisho wake. Kule soko la maua, kadoa kekundu na keupe. Kule daraja, limekuwa jembamba kama pini ya nywele. Garimoshi lilipita bila sauti.

"Haya yote tumeyatembea," Fundi akasema. "Sikujua kama ni makubwa hivi. Wala mazuri hivi."

"Ni mazuri." Pazia aliivua tepu shingoni akawa anaikunja, anaikunjua. "Basi langu ni la kesho asubuhi. Lile neno ulilosema unalo, bado unalo, au nipime dirisha niende?"

Fundi alikiweka kibao chini, uso wa maandishi ukitazama sakafu. Akajifuta viganja kwenye gauni, ingawa vilikuwa safi.

"Usipime kitu," akasema. "Na usiende. Sitaki uende. Nataka ubaki hapa hapa, nataka unioe, nataka nyumba yenye dirisha linaloangalia barabara, na pazia la manjano, la manjano kweli, sio rangi yoyote. Na leo nataka tupande basi lile la kijani linalopita kule chini, mpaka mwisho wa njia."