Ukuti Ndani ya Mashine

Mashine ya kompyuta ilikuwa wazi kifuani kama kuku aliyetolewa matumbo. Kadi zake nne, zile zinazoipa nguvu, hazikuwamo. Pahala pake pamewekwa ukuti mbichi wa mnazi, umepigwa fundo.

Inspekta Mwanawema hakuugusa. Aliutazama tu, mpaka Koplo Othman akakohoa.

"Mlango haukuvunjwa, afande. Ufunguo huwekwa juu ya fremu, kila mtu anajua. Alama za vidole zimo za mji mzima wa Konde."

Nje, watu waliotoka kusali Ijumaa walisubiri mnada. Kila wiki chama cha ushirika kiliuza saa za mashine ile, yenye nguvu za kufundishia akili mnemba. Zamani nguvu hizo zilikuwa za wenye kujuana na wakubwa. Sasa bei ilitajwa hadharani, kama ya samaki. Iwe skuli, iwe hoteli, awe mkulima wa mwani, atakayefika bei ndiye mwenye saa.

Hafiz, mtunza mashine, alikuwa akijifuta jasho kwa kofia.

"Uliondoka saa ngapi?"

"Adhana ya kwanza."

"Una adui?"

"Miye, afande? Miye mtu wa watu!"

"Na huu ukuti?"

"Uchawi huo. Siugusi."

Othman alirudi nyuma hatua moja. Inspekta alivaa glovu, akautia ukuti katika mfuko wa vielelezo.

"Tunakwenda Tumbe."

"Kwa mganga, afande?"

"Kwa dalali."

Kwenye diko la Tumbe, pale wavuvi wanaposhushia samaki, aliyeshinda bei huweka juu ya fungu lake la samaki ukuti wenye fundo lake, kisha huenda kutafuta gari. Akirudi hulikuta halijaguswa. Mzee Jecha, dalali wa pale, aliugeuza mfuko mara mbili.

"Fundo la Bi Kazija wa Gando. Kashoto yule, fundo lake hulalia upande wa pili. Kanunua nini safari hii?"

"Ndicho ninachokitafuta, mzee."

Bi Kazija alikuwa barazani kwake, akifumua kamba za mwani.

"Karibu, mwanangu. Umechelewa, chai ishapoa."

"Kadi ziko wapi, Bi Kazija?"

"Pipa la mchele. Zisipate unyevu."

"Kwa hiyo uliiba."

"Nilinunua! Uliza mnada wote saa za Alhamisi, mwezi mzima, nani alifika bei. Sisi, wanawake wa mwani. Tunaifunza mashine kuutambua mwani unaoanza kuugua, tuukate kabla haujaambukiza mwengine. Alhamisi ya kwanza nafika, Hafiz ananambia umeme hakuna. Ya pili, umeme hakuna. Ya tatu nikatega sikio ukutani. Feni za mashine zavuma!"

"Mbona hukushitaki?"

"Nilishitaki chamani. Wakanijibu mtaalamu ni Hafiz. Na mwani ushakuwa mweupe, mwanangu. Nusu ya shamba imeoza. Leo, wanaume wako msikitini, nikaingia."

"Kuzichomoa ulijulia wapi?"

"Hafiz mwenyewe alitufunza, siku ya kupangusa vumbi. Kwa kufunza, hodari."

Kituoni, Inspekta alimwekea Hafiz kumbukumbu za mashine mezani. Alhamisi tatu, kutwa nzima, mashine haikupumzika.

"Nani alikuwa akiitumia?"

Hafiz aliigeuzageuza kofia yake.

"Hafiz."

"Wakala wa hoteli moja. Alinipigia simu, akanipa mara mbili ya bei ya mnada."

"Mnadani alikuwepo?"

"Alikuwepo. Bi Kazija akamshinda."

"Ukamuuzia kilichokwisha nunuliwa."

"Nilidhani..." Hafiz aliinamisha kichwa. "Nilidhani ni kinamama wa mwani tu. Watajuaje kama mashine inafanya kazi au imelala?"

Inspekta aliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka, akamsogezea atie saini. Majalada yakawa mawili: moja la kadi, moja la saa.

Bi Kazija alipewa dhamana kwanza. Mlangoni aligeuka.

"Ukuti wangu mutanirudishia?"

"Hapana, Bi Kazija. Ni kielelezo cha mahakama."

"Basi naukae. Ila fundo musilifungue. Fungu lile lina mwenyewe."