B Si ya Betri

Jumamosi, tarehe 8 Machi, mwaka 2025, saa moja asubuhi, fundi wa mapazia aliwasha gari lake, akatazama geji ya mafuta, akakunja uso. Alikuwa amejaza tangi Jumanne. Sasa ulibaki mstari mmoja tu.

Watu wa mtaa walimwita Pazia. Yeye na mkewe walishona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Asubuhi Pazia alikwenda na gari kupima madirisha ya wateja. Mchana mkewe alilichukua kupeleka mapazia yaliyokuwa tayari. Gari lenyewe lilikuwa haibridi, yaani lilikuwa na injini ya petroli na pia mota ya umeme. Walilinunua kwa sababu waliambiwa halinywi mafuta. Lakini hili lao lilikunywa kama lililolishwa chumvi.

Pazia aliingia ndani. Mkewe alikuwa kwenye cherehani. Mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea, alikuwa kando akikata nyuzi.

"Mama watoto, mchana huwa unapita wapi na gari?"

"Kwa wateja. Kwani wapi kwingine?"

"Wateja gani hao wanaokaa mwisho wa dunia? Sema kweli. Unamzungusha nani?"

Cherehani ilinyamaza. Mama mkwe aliinamisha kichwa, mkasi ukabaki wazi mkononi.

Mkewe hakupaza sauti. "Kuanzia leo, gari ni lako peke yako. Mapazia nitayabeba begani. Tuone petroli utamwuliza nani."

Alitimiza neno lake. Siku nne alitembea na mzigo wa mapazia, majirani wakimtazama. Pazia alijaza tangi tena, na siku hizo nne akaendesha gari peke yake, hata kwa wateja wa mbali. Siku ya nne, mstari wa mwisho wa geji ulianza kumetameta.

Hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Pazia aliona haya hata kujitazama kwenye kioo cha gari.

Nyumba ya pili aliishi mwanamke fundi wa umeme wa magari, aliyejulikana kama Fundi Waya. Pazia alimwendea, akamweleza yote, macho yake yakiwa chini.

"Twende tuzunguke, shemeji," alisema Fundi Waya akipangusa mikono. "Endesha kama siku zote. Usijifanye mtakatifu kwa sababu yangu."

Pazia alikaa, akavuta mkono wa gia hadi kwenye herufi B.

"Subiri. Mbona B?"

Pazia alitabasamu. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima, na siku hizi hakuna herufi iliyompita hivihivi. "B ya betri," alisema. "Nataka litembee kwa umeme, liache petroli."

Fundi Waya alijitahidi asicheke, akashindwa. Kisha akaona uso wa Pazia, akaacha.

"Kusoma umesoma, shemeji. Hiyo ni B kweli. Ila si B ya betri. Ni B ya breki."

"Breki?"

"Breki ya injini. Ni ya mteremko mrefu na mkali. Ukiachia mafuta, injini inazungushwa ili izuie gari lisikimbie. Nguvu ambayo ingerudi kwenye betri, nyingi inapotelea hapo. Barabara ya kawaida ni D, herufi ya kwenda mbele."

Waliondoka na D. Mbele kulikuwa na taa nyekundu. Pazia aliendelea kukanyaga mafuta, kisha akapiga breki ghafla. Fundi Waya alishika dashibodi.

"Taratibu, bado nina watoto wa kulea! Taa umeiona tangu kule. Achia mafuta mapema, halafu gusa breki polepole. Gari linapopunguza mwendo, mota inageuka jenereta, inajaza betri."

Kwenye taa ya pili Pazia alifanya hivyo. Kwenye kioo cha dashibodi, mshale ulitoka magurudumuni ukaingia kwenye betri.

"Umeona? Sasa ondoka polepole. Likinyamaza, usilishtue kwa mafuta ili lingurume. Halijafa. Linatumia umeme."

Fundi Waya aligeuka nyuma. Majora ya kitambaa yalikuwa yameegemea matundu madogo kando ya kiti. "Na hapa ndipo betri kubwa inapopumulia. Umeiziba pua! Ikipata joto inapunguza kazi, mzigo wote unarudi kwa injini. Kisha upime upepo wa magurudumu, yamelegea haya. Nani mwingine anaendesha kwa B?"

"Mke wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Mkewe alikuwa amefuata tu alichoambiwa.

"Na muuza mbao," aliongeza polepole. "Na dereva wa zahanati. Wana magari kama hili, nikawaambia nimesoma mwenyewe."

Nyumbani, mkewe alikuwa amerudi sasa hivi. Bega lake lilikuwa limechubuka kwa kamba ya mzigo. Pazia angeweza kumwita chumbani wakayamaliza huko. Lakini alikuwa amemtukana mbele ya mama yake mzazi. Akaketi chini, sakafuni.

"Mama, maneno yale niliyasema mbele yako. Na haya nayasema mbele yako. Hakuna aliyezungushwa kwa gari. Nilielewa herufi vibaya, nikamfundisha mwanao vibaya, kisha nikamsingizia."

"Usiniambie mimi," alijibu mama mkwe. "Mwenyewe yule pale."

Pazia alimgeukia mkewe. "Nisamehe."

"B ya nini?" aliuliza mkewe.

"Ya breki."

"Ungeanza kuifunga kwenye ulimi wako."

Mama mkwe alikohoa ili afiche kicheko. Mkewe hakucheka. Lakini alinyoosha mkono, akapokea ufunguo.

Tangi lililofuata lilidumu hadi siku ya tisa. Kila alipotazama geji, Pazia alifurahi, na papo hapo akaona haya. Bega la mkewe lilipona upesi. Mazungumzo yao yalichelewa zaidi kupona.

Pazia alikwenda kwa muuza mbao, kisha kwa dereva wa zahanati, akamwambia kila mmoja: "Nilikosea. Nilikufundisha kitu nisichokijua." Muuza mbao alimcheka mpaka akakaa chini. Dereva alimshukuru.

Nawe msomaji, huenda jirani yako ana gari la namna hii na anaendesha kwa B. Mpelekee hadithi hii. Kama hajui kusoma, msomee, na usimcheke.