Masizi Kwenye Bomba la Jiko

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kushika jambo lingine lolote, Apondi alitakiwa kusafisha bomba la jiko. Jiko lenyewe lilitengenezwa na baba yake, Otiende, fundi wa reli, kwa pipa kuukuu la mafuta. Lilikaa kwenye pembe ya chumba chao kule Makongeni. Walilichochea kwa vipande vya mbao kutoka kwa maseremala wa Gikomba, na moshi ulitoka kupitia bomba lililotoboa ukuta.

Jumamosi moja ya Julai, mwaka wa 1979, baridi ilikuwa kali na manyunyu hayakukoma. Apondi hakutulia. Timu yake ya netiboli ilikuwa na mechi saa nne uwanjani Kaloleni, na wenzake walikuwa wameanza kumwita kutoka nje. Kusafisha bomba kulimaanisha kuzima moto, kungoja jiko lipoe, kisha kujipaka masizi hadi masikioni.

"Umeshakwangua bomba?" baba aliuliza akivaa koti la kazini.

"Ndiyo, Baba."

"Hata pale kwenye kona?"

"Hata pale."

Baba akaondoka. Mama alikuwa ameshakwenda sokoni. Nyumbani akabaki nyanya yake, ambaye wote walimwita Dani, pamoja na Phares, mdogo wake wa miaka mitatu. Walikuwa wakiota moto.

Uwanjani, mpira ulimponyoka Apondi mara tatu. Mawazo yake yalikuwa kwenye ile kona ya bomba. Jumamosi iliyotangulia pia hakuisafisha. Mapumziko yalipofika, alitimua mbio kuelekea nyumbani.

Alikuta dirisha limefungwa na gunia limesokomezwa chini ya mlango. Chumba hakikuwa na moshi. Kuni zilikuwa zimegeuka makaa mekundu. Dani alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Phares alilala mkekani. Apondi alimtikisa, lakini hakufumbua macho.

"Sista Wayua! Sista, njoo!"

Sista Wayua, muuguzi aliyekaa mlango wa pili, aliingia mbio. Alimgusa Phares kwenye paji la uso.

"Hana homa. Mmekula nini?"

"Viazi vya jana," Dani alijibu kwa taabu. "Hata mimi nasikia kutapika."

"Na jiko? Bomba lake ni safi?"

"Limesafishwa leo. Apondi mwenyewe alisema."

Sista Wayua aligeuka kukagua sufuria ya viazi. Akinyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Sikulisafisha!" alipaza sauti. "Leo sikulisafisha, na wiki jana pia!"

Sista aliiacha sufuria pale pale. "Nje! Wote nje!"

Alimbeba Phares, na Apondi akamkokota Dani hadi barazani. Walikaa kwenye upepo wa baridi muda ulioonekana mrefu mno. Hatimaye Phares alikohoa, akaanza kulia. Apondi hakuwahi kufurahia kilio kama hicho. Walipelekwa hospitali, wakapewa hewa safi kwa mashine, na alasiri wakarudi nyumbani, Phares akidai uji.

Baba aliporudi kutoka kazini, alilifungua bomba. Bonge la masizi likaanguka sakafuni.

"Moshi ungewakohoza, wangetoka," Sista Wayua alieleza. "Lakini makaa mekundu hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Bomba likiziba na dirisha likifungwa, hewa hiyo humlaza mtu asiamke. Bomba lisafishwe, na dirisha liachwe wazi kidogo, hata kama kuna baridi."

Apondi alilia. "Nisamehe, Baba."

Baba aliliweka bomba chini.

"Ungeniambia hujasafisha, ningekugombeza, kisha ningelisafisha mimi mwenyewe. Hasira yangu ingekwisha kabla sijafika kazini. Uliponidanganya, niliondoka nikiamini watu wangu wako salama." Alimwekea mkono begani. "Lakini ulipoona hatari, ulisema kweli ingawa ulijua utaaibika. Ndiyo maana leo bado tuko sita— hapana, watano," alijisahihisha akimtazama Phares aliyekuwa akijipaka uji puani. "Huyu hula kama watu wawili. Kuanzia leo, Apondi, jambo usilolifanya, niambie hujalifanya."

"Nitakuambia, Baba," alisema Apondi.