Kitanda cha Hamo

Wymond aliruka ua wa miiba, akasukuma mlango kwa bega, kisu cha Sheffield mkononi.

Alikuwa amechelewa kumkuta amesimama.

Hamo alikuwa kitandani, blanketi hadi kidevuni. Buti zake chini ya kitanda zilikuwa na tope bichi.

"Karibu, jasusi wa mahakama. Nakufa."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoitwa shaurini."

Mara ya pili hii kumkosa. Mbwa wake walikuwa wamembwekea na kumtonya tena. Wymond alichoka, tena alichoka kweli. Miaka mitatu Hamo amelikalia shamba ambalo Gunnora aliachiwa na baba yake, na kila akiitwa ana udhuru: mara mafuriko, mara daraja limekatika, sasa maradhi. Kesho waungwana wanne wangeapa mahakamani mjini Lincoln kwamba wamemkuta kitandani, na kesi ingeahirishwa mwaka mmoja na siku moja. Gunnora alikuwa na miaka sitini na tisa na kikohozi kibaya. Asingeifikia siku hiyo.

Kumshinda kulihitaji kitu kimoja tu: waungwana hao wamkute nje, kavaa buti na mkanda. Kwa sheria, mgonjwa wa namna hiyo hupoteza kesi palepale.

Nao walikuwa uani wakinywa bia.

"Tumeshamwona. Twende zetu," alisema Bwana Drogo, mkubwa wao.

"Bado. Jificheni nyuma ya ua."

"Magoti yananiuma, kijana!"

"Basi yakuume ukiwa umechutama."

Akamfuata Gunnora, aliyekuwa akimlimia jirani kwa maksai.

"Mama, pita mpakani. Kisha ingia hatua moja kwenye shamba la Hamo mwenyewe. Lima."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hilo nimeliota miaka mitatu!"

Plau ikapasua ardhi ya Hamo. Mwizi wa mashamba hawezi kuvumilia kuibiwa hata tuta moja.

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"We kizee! Toka kwangu!"

Hamo alikuja mbio, buti miguuni, akihangaika na mkanda.

Wymond alimngoja aufunge.

Kisha akapiga mluzi. Vichwa vinne vikachomoza.

"Pole na ugonjwa," alisema Drogo.

Hamo alitazama buti zake. "Nimepona sasa hivi!"

"Hongera. Umepona, shamba huna."

Gunnora hakungoja kusikia zaidi. Aligeuza maksai, akavuka mpaka na kuanza kulima shamba la baba yake, akilia kwa sauti.

Wymond aliinua mtungi wa bia. Mtupu. Wazee wale hawakumbakizia hata tone.

Akachomeka kisu kiunoni, akashika njia ya Lincoln kwa miguu.